Mafuta ya kunukia kwenye sabuni ya mawese na ya kufulia: yapi yanafaa, yapi ni kupoteza hela (Kigoma)

Mama Mise (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nimejibu swali moja inboksi mpaka kidole gumba kimeota sugu: "Mama Mise, nitie mafuta gani sabuni yangu inukie kama ya dukani?" Leo naliweka hapa, atakayeuliza tena nitamtupia uzi huu.

Nipo Mwandiga. Napika sabuni ya mche kwa mawese na mise (mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi), na pembeni natengeneza sabuni ya maji ya kufulia na kusugulia sakafu. Mwaka wa saba huu. Nitakayoandika ni ya jikoni kwangu, mengine nimefundishwa kwenye mafunzo ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, mengine na mwalimu mmoja wa kemia ambaye ni mteja wangu. Huyo deni la sabuni analilipa kwa maelezo.

Nitenganishe vitu viwili kwanza, maana hapa watu hugombana bure. Kuna pafyumu ya sabuni, ile ya kupimiwa kwenye maduka ya kemikali, inakaa rafu moja na ungarol, salfoniki na CDE, malighafi za sabuni ya maji. Imeundwa maabara. Inaitwa stroberi na haijawahi kukutana na stroberi. Halafu kuna mafuta ya mmea wenyewe: majani ya mchaichai, makonyo ya karafuu, maganda ya chungwa, yanapitishwa mvuke au yanakamuliwa, unapata mafuta mepesi yenye harufu kali yanayoruka hewani. Uzi huu ni wa hayo ya pili. Pafyumu sina ugomvi nayo, niliitumia miaka miwili.

Sasa jambo ambalo ningependa mlishike hata kama mtaacha mengine yote: harufu haifui nguo. Sabuni ndiyo inafua.

Chukua dagaa. Mtu wa Kibirizi anajua, ukimaliza kuanua dagaa unakata limau unajisugua mikono na harufu inapungua. Limau linafanya hivyo kwa uchachu wake. Uchachu unaikamata ile harufu ya samaki, inageuka chumvi isiyoruka, ukisuuza inakwenda na maji. Uchachu huo uko kwenye maji ya limau. Mafuta ya limau yanatoka kwenye ganda, hayana uchachu hata kidogo. Mimi nilikuwa sijui. Nilitia matone 20 kwenye maji ya kuoshea beseni la dagaa, nikapata beseni linalonuka dagaa waliovaa limau kwenda harusini.

Ila hayo hayo mafuta ya ganda yana kazi nyingine. Yanayeyusha grisi na gundi. Ile gundi inayobaki kwenye chupa ukibandua karatasi, au masizi yaliyoshikana na mafuta kwenye jiko la gesi, tone mbili kwenye kitambaa chenye sabuni, unasugua, linatoka. Kwa hiyo kabla sijatoa hela najiuliza: hii chupa naitaka inukie tu, au kuna kazi naipa?

La pili ni mawese yenyewe. Wanaofundisha mitandaoni wengi wanatumia mafuta meupe yasiyo na harufu. Sisi tunatumia mawese mekundu ya kukamua hapa hapa, na mawese yana harufu yake, nzito, haiondoki kwa kuombwa. Nilinunua lavenda, chupa tatu za mililita 10, nikatia zote kwenye sabuni ya kilo moja ya mawese. Baada ya wiki nne nikakata kipande, nikanusa. Mawese. Nikanusa tena. Mawese, na huko mbali sana kama mtu aliyejipaka lavenda amepita barabara ya pili.

Chupa moja ilikuwa shilingi 15,000. Tatu, 45,000. Kilo moja ya mawese ukishatia kostiki soda (ile kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) na maji inatoa kama kilo moja na nusu ya sabuni, yaani vipande 15 vya gramu 100. Kila kipande kimebeba harufu ya shilingi 3,000, kabla sijahesabu mawese, soda, kuni na mgongo wangu. Ningemuuzia nani?

Tangu siku hiyo sitafuti harufu ya kuyashinda mawese. Natafuta ya kupatana nayo. Nimebaki na tatu.

Mchaichai ndio mama wa nyumba. Harufu yake inakwenda na mawese kama wamezaliwa pamoja, na kwenye soda inavumilia kuliko limau. Limau na chungwa kwenye sabuni ya mche zinakimbia ndani ya wiki chache, ni hela ya kuchoma. Natia gramu 15 za mchaichai kwa kilo ya mafuta, sizidishi, maana ukizidisha unawasha ngozi.

Karafuu naitia kidogo sana, gramu 3 kwa kilo, kazi yake ni kuushika mchaichai usitoroke. Karafuu nitawasimulia hapo chini, iliniaibisha.

Mkaratusi ni wa sakafu na choo. Kwenye mche unapotea upesi, kwenye sabuni ya maji ya kudeki ni mzuri, nyumba inanuka usafi hata kama watoto wamerudi na matope.

Nawasilisha. Maswali yaje.

Mpanda Treni

Nimeweka kambi hapa. Mama Mise usiondoke.

Fundi Gungu

Dada, asante kwa somo. Mimi natengeneza dawa ya kunyunyiza kwenye makochi, natia maji na matone ya mkaratusi. Yanaelea juu. Natikisa, yanaelea tena. Nimeuziwa feki?

Mama Mise

Kaka, hujauziwa feki. Ya kweli ndiyo yanayoelea. Haya ni mafuta, na mafuta na maji hayajawahi kukaa meza moja. Ukinyunyizia hivyo, mnyunyizo wa kwanza ni maji matupu na wa mwisho ni mkaratusi mtupu, kochi linabaki na doa la duara. Yavunje kwanza kwenye kitu kinachoshika pande zote mbili. Mimi nachanganya na sabuni ya maji kijiko kimoja, nakoroga hadi yapotee, ndipo naongeza maji. Kwa nguo vilevile. Usidondoshe tone moja kwa moja juu ya shati jeupe halafu ukaja kunilaumu hapa.

Shangazi wa Ujiji

Karafuu imekufanya nini mwanangu? Simulia, tumekaa.

Mama Mise

Shikamoo shangazi. Haya.

Nilikuwa na kilo 5 za mawese, na chupa ya mafuta ya karafuu niliyoletewa na mtu wa Pemba. Kule Wawi kuna kiwanda cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kinachopika mafuta ya makonyo, yale makonyo ambayo ukichambua karafuu unayatenga. Nikaona mimi ndiye mjanja, karafuu inanukia kuliko vyote, basi niijaze. Nikatia gramu 100.

Shangazi, sijafika hata kuhesabu kumi. Sabuni ilikuwa laini kama uji wa mtoto, nikaona inakunja uso, ikashikana kama ugali wa muhogo uliosahauliwa motoni. Mwiko ukasimama wima, naachia mkono, umesimama. Karafuu huwa inaiharakisha sabuni kuganda, nilikuwa siambiwi. Nikaichota kwa mikono yenye glavu nikaipiga ndani ya sanduku kama tofali. Ilipokauka ilikuwa ya kahawia, ina mashimo.

Hilo ningelivumilia. Jirani yangu aliyefulia ile sabuni mikono ilimwasha siku mbili, ikawa na vipele hadi kwenye kiwiko. Mwalimu wa kemia akaniambia karafuu imejaa yujenoli, ile ile ya daktari wa meno, ndiyo maana ukiingia kliniki ya meno unanusa karafuu. Inatia ganzi jino, na kwenye ngozi ya watu wengine inaleta mzio. Ngozi ikishaikataa mara moja, inaweza kuikataa daima. Mdalasini wa magome ni mkali zaidi, mimi huo siugusi kabisa kwa kitu kinachofika mkononi.

Siku hizi karafuu naichanganya kwanza na mawese kikombe kimoja, ndipo naimimina taratibu, mwisho kabisa. Na jirani nilimpelekea samaki, migebuka miwili, kumuomba radhi.

Shangazi wa Ujiji

Migebuka miwili kwa mikono miwili. Umelipa.

Wa Isevya

Hapa Tabora tuna nta ya nyuki kibao, asali ikishachujwa watu hawajui waifanyie nini. Naweza kuitia kwenye hii sabuni?

Mama Mise

Kidogo inaufanya mche uwe mgumu, ukizidisha haitoi povu. Nta ningeiweka kwenye kung'arisha samani. Unaiyeyusha juu ya maji moto, siyo juu ya moto wenyewe, unachanganya na mafuta, ikipoa kidogo unatia chungwa. Ninyi watu wa mninga mtaipenda.

Baba Neema

Mkuu, kipimo cha soda tafadhali. Na sufuria gani? Nina sufuria kubwa la harusi.

Mama Mise

Sufuria la harusi ni la alumini? Liache liendelee na harusi! Kostiki soda inaila alumini, inachemka na kutoa gesi inayowaka. Tumia chuma cha pua, pipa la chuma au ndoo ngumu ya plastiki.

Kilo moja ya mawese inataka kama gramu 141 za kostiki soda kuisha yote. Mimi natia 134, ili mafuta kidogo yabaki na mikono isikauke. Mise inakula zaidi, kama gramu 176 kwa kilo, kwa hiyo ukichanganya mawese na mise piga hesabu ya kila moja peke yake ujumlishe. Pima kwa mizani, kikombe kitakudanganya. Soda ndiyo inaingia kwenye maji, polepole, nje penye hewa. Ukimimina maji juu ya soda itakurukia usoni.

Na kama unapika kwa moto, mafuta ya kunukia yanaingia ukishaitoa sabuni motoni na kupoa kiasi cha kuweza kushika ubavu wa chombo. Ukitia mapema soda na joto vinakula harufu yako. Ukitia karibu na kuni, mvuke wake unashika moto, na ile ya chungwa na limau ndiyo inashika upesi.

Mkombozi wa Afya

Dada umesahau mafuta ya mti wa chai. Hayo yanaua bakteria na fangasi wote. Sabuni yako itakuwa dawa. Watu wanayaagiza kutoka Marekani kwa bei mbaya wakati chai tunalima wenyewe Mufindi!

Mama Mise

Kaka, chai ya Mufindi haihusiki. Ule mti ni mwingine kabisa, asili yake Australia, hata ukoo mmoja na majani ya chai hauna. Upo ukoo mmoja na mkaratusi na mkarafuu. Usije ukachemsha majani ya chai ukamtia mtu kwenye fangasi.

Kuua vijidudu, ni kweli mafuta yenyewe bila kuchanganywa yana nguvu hiyo. Sasa wewe unatia matone kumi kwenye ndoo ya lita 10. Tone 20 ni kama mililita moja. Umeweka nusu mililita kwenye lita 10! Vijidudu vinakupungia mkono. Kunawa kwa sabuni na maji kunaondoa vijidudu kwa kuving'oa, na choo kinachotaka kuuliwa vijidudu kitie jiki kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Mimi kwenye lebo yangu siandiki "inaua 99". Nimeandika "Sabuni ya mawese na mchaichai, Mwandiga", imetosha.

Mkombozi wa Afya

Sawa dada, ila mimi wateja wangu wamepona.

Mpanda Treni

Wamepona nini?

Fundi Gungu

😂

Msafi Mwanga

Mimi formula yangu ya choo: jiki kikombe, siki kikombe, matone ya limau, maji ya moto. Inang'arisha balaa. Inakohoza kidogo tu wakati wa kusugua.

Mama Mise

NDUGU YANGU SIMAMA HAPO. Hiyo inayokukohoza ni gesi ya klorini. Jiki ikikutana na siki, au limau, au kisafisha choo chenye asidi, inaitoa hiyo gesi, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kukuangusha. Mkojo nao una vitu vinavyotoa gesi nyingine mbaya ukikutana na jiki, ndiyo maana choo unamwaga maji kwanza. Jiki peke yake na maji ya baridi. Siki siku nyingine.

Na kwa wengine mnaochanganya siki na sabuni ya mche iliyoyeyushwa: mnaiua sabuni. Asidi inaivunja inarudi kuwa mafuta, unaona mabonge meupe yanaelea mnafikiri ni povu zito. Siki na magadi vivyo hivyo, vinachemka vizuri kwa macho, vikinyamaza umebaki na maji ya chumvi.

Msafi Mwanga

Duh. Nimefanya mwaka mzima. Asante, nimefuta kwenye daftari.

Mwana Ziwa

Wadau, mimi nafulia maji ya ziwa. Sabuni yoyote ya mawese inaacha utando mweupe, nguo nyeusi zinakuwa kijivu, na baada ya siku mbili kabatini zinanuka kama kitambaa cha jikoni. Nitie mafuta gani?

Mama Mise

Usitie mafuta. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini mengi, hasa magnesiamu, na sabuni ya kweli ikikutana nayo inashikana inakuwa ule utando. Utando unakaa kwenye nyuzi, unashika jasho, ndio unaonuka. Ukitia lavenda utapata utando wa lavenda.

Fanya hivi: tia magadi soda kidogo kwenye maji ya kufulia kabla ya sabuni, yanayapunguzia ukali. Suuza mara mbili. Suuza ya mwisho tia siki nyeupe, vijiko vitatu vya chakula kwa ndoo ya lita 10, na hapo pasiwe na jiki popote. Anika juani siku hiyo hiyo. Kipindi hiki cha mvua ndipo kazi ilipo, nguo ikilala mbichi inavunda, hakuna chupa itakayoikomboa. Mimi mvua ikizidi nazikamua nazitandaza jikoni kamba ya juu, hata kama zitanuka moshi kidogo. Moshi ni afadhali.

Ukishafika hapo, nguo hainuki chochote, ndipo ukitaka harufu utie.

Binti Katubuka

Dada, nina mtoto wa wiki sita. Nguo zake natamani zinukie, watu wanasema mkaratusi unazuia mafua. Na mama mkwe ameniletea vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini.

Mama Mise

Hongera mama. Nguo za mtoto mchanga fua kwa sabuni isiyo na harufu yoyote, suuza sana, anika juani, piga pasi. Basi. Mkaratusi weka mbali na uso na pua ya mtoto mdogo, unaweza kumbana pumzi. Na chupa yenyewe ifungie juu, mtoto akimeza hata kijiko cha chai anaweza kupata degedege. Ikitokea, usimtapishe, mkimbize hospitali na chupa mkononi.

Vile vidonge, mshukuru mama mkwe kwa heshima zote kisha visiguse nguo za mtoto. Vingi ni naftalini. Kuna watoto wamezaliwa na upungufu fulani kwenye damu, nao ni wengi zaidi kwenye nchi za malaria kama yetu, naftalini inavunja chembe zao za damu, wanapata manjano na upungufu wa damu. Kwa kuangalia tu huwezi kujua mtoto wako yumo au hayumo.

Binti Katubuka

Mungu wangu. Vilikuwa ndani ya kanga ya kumfungia. Nimevitoa sasa hivi, kanga na nguo zote naenda kuzifua. Mama mkwe nitamwambiaje?

Shangazi wa Ujiji

Mwambie nesi kakataza. Nesi hagombani na mtu.

Mama Mise

Nenda kweli kwa nesi umuonyeshe mtoto, umwambie alilala na vile vidonge. Ukiona macho ya njano, amepauka au mkojo umekuwa mweusi, usingoje kesho.

Nyumba ya Bangwe

Paka wangu alitaka kulamba sakafu niliyodeki na mkaratusi, akaondoka anapiga chafya. Ni kawaida?

Mama Mise

Paka ini lake haliwezi kuyasaga haya mafuta kama letu. Mti wa chai ndio mbaya zaidi kwake, na mkaratusi na karafuu pia si rafiki. Anakanyaga sakafu, anajilamba nyayo. Mwenye paka adeki kwa sabuni tu. Sina paka, nina kuku, nao wanakuja sebuleni bila kualikwa, ila hiyo ni hadithi nyingine.

Nyota ya Asubuhi

Tunatambuaje ya kweli? Nilinunua ya mchaichai duka moja, inanukia vizuri siku ya kwanza, sabuni ikiiva hakuna kitu.

Mama Mise

Nami nimepigwa, na dukani walinihakikishia kwa kiapo. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, dondosha tone la alizeti pembeni, acha hadi kesho. La alizeti linabaki na doa la mafuta, unaona mwanga ukipita. La kweli linaruka, linaacha kivuli kidogo au hakuna. Likiacha doa kama la alizeti, umeuziwa mafuta ya kupikia yaliyotiwa harufu. Lakini hicho kipimo hakikamati pafyumu ya maabara, hiyo nayo inaweza kuruka. Kwa hiyo angalia na lebo: jina la mmea la kisayansi, lile la Kilatini, sehemu ya mmea iliyotumika. Chupa iwe ya kioo cheusi au kahawia. Nikiona mafuta ya karafuu ndani ya plastiki laini nageuka, maana mafuta haya yanakula baadhi ya plastiki. Na bei! Kama waridi na mchaichai vinauzwa bei moja, mmoja wao hayupo ndani. Kilo moja ya mafuta ya waridi inakula tani kadhaa za maua.

Ukinunua ya kweli yaweke gizani, mfuniko umebana. Ya limau na chungwa yakichacha ndiyo yanaanza kuwasha ngozi.

Baba Neema

Wakuu, nimefanya majaribio, naleta mrejesho. Mke wangu ana mchaichai nyuma ya nyumba kama msitu. Nimekata ndoo moja, nikakatakata, nikaweka kwenye sufuria na maji. Katikati nikasimamisha jiwe, juu ya jiwe bakuli. Mfuniko nimeugeuza kichwa chini, kishikio kikaelekea bakuli, juu ya mfuniko nikaweka barafu ya kununua pale kwa wauza samaki. Moto mdogo wa mkaa. Mvuke unapanda, unagonga mfuniko wa baridi, unateleza hadi kwenye kishikio, unadondoka bakulini. Ti, ti, ti. Saa nzima na nusu nimechuchumaa kama mlinzi, barafu nimebadilisha mara tatu.

Nimepata vikombe viwili vya maji yenye harufu, na juu yake duara za mafuta za rangi ya njano, ndogo kama macho ya dagaa. Nimejaribu kuzivuta kwa bomba la sindano, hazikufika hata nusu mililita. Nimekosea wapi?

Mama Mise

Hujakosea popote! Mchaichai mbichi unatoa mafuta kama gramu mbili hadi tano kwa kilo, tena kwa mtambo mzuri. Wewe na jiwe lako mmefanya kazi kubwa. Karafuu ndiyo tajiri, kavu yake inatoa hata gramu 150 kwa kilo.

Ila hayo maji ndiyo mali. Nyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, mashuka hasa. Yatie chupa safi uweke kwenye friji, nje yanaota ukungu baada ya siku chache. Usiyatie kwenye sabuni ukitegemea harufu, soda itayanyamazisha. Mimi niliwahi kuchemsha majani nikatumia yale maji kuyeyushia soda, nikapata sabuni ya kahawia isiyonuka.

Baba Neema

Mke anauliza, chandarua nacho tukinyunyizie? Mchaichai unafukuza mbu.

Mama Mise

Unafukuza kwa muda mfupi, ukishakauka mbu anarudi. Chandarua tayari kina dawa. Kifue taratibu kwa sabuni ya kawaida, bila jiki wala magadi, kianike kivulini maana jua linaiharibu dawa. Mwambie mama asikiongezee kitu.

Duka la Kemikali Online

Tunauza pafyumu, rangi, ungarol, CDE, glisarini, fomalini, bei ya jumla, tunatuma mikoani kwa basi na treni, njoo inboksi.

Mama Mise

Bosi karibu, ila fomalini ya kuzuia sabuni isioze, kwenye sabuni ya kufulia kwa mikono mimi nimeiacha. Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani limeiweka kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Na enyi mnaofikiri mafuta ya kunukia yatazuia sabuni ya maji isioze, hayazuii. Natengeneza kidogo kidogo, lita 20, inaisha ndani ya wiki mbili. Una kihifadhi kingine? Tuma jina lake hapa hadharani, nitalisoma kwanza.

Fundi Gungu

Wazo: tukiwa watano tunaagiza mafuta ya mchaichai na makonyo kwa kilo, tunagawana kwa mizani. Chupa za mililita 10 ni za watu wa saluni.

Mama Mise

Hiyo ndiyo bei inayolipa. Niwekeni namba moja. Mizani ninayo ya gramu, chupa za kioo kila mtu aje na zake, zimekauka kabisa.

Nyota ya Asubuhi

Namba mbili.

Wa Isevya

Namba tatu, mzigo wangu ushukie Tabora treni ikipita. Nitalipa kwa nta kama inaruhusiwa.

Shangazi wa Ujiji

Namba nne. Jana nimepika kwa vipimo vya Mama Mise: kilo tatu za mawese, mchaichai gramu 45, karafuu gramu 9, hiyo karafuu nimeimimina huku nimefumba jicho moja. Haikushikana. Nimeimwaga kwenye sanduku la mbao, nimelitandika nailoni, nimelisukuma chini ya kitanda. Baba watoto ameingia kulala, akanusa, akauliza chai iko wapi.

Naweza kukata kesho?

Mama Mise

Kesho kata shangazi, ikiwa imeshika vizuri, lakini usiuze. Ipange kwenye ubao penye hewa, vipande visigusane, wiki nne. Na baba watoto mpelekee chai, asije akalamba sanduku.